Gololi ya Chuma Nyuma ya Gari: Nani Aliyefunga Hizo Bolti?

Siku nyingine ukiwa kwenye foleni, weka simu chini kidogo uangalie nyuma ya pikapu au Land Cruiser iliyo mbele yako. Chini ya bampa, katikati kabisa, mara nyingi utaona gololi ya chuma yenye ukubwa wa ndimu, imekaa juu ya kipande cha chuma kilichopinda. Wengine wameivalisha kofia ya plastiki, wengine wameiacha ikashika kutu. Wenye magari wengi hawajawahi hata kuitumia. Wamelinunua gari likiwa nayo, basi.

Sasa hebu fikiria siku itakapotumika. Umefunga tela lenye uzito wa kilo 700, umepakia mbao au jenereta au ng'ombe wa mjomba, unaenda kilomita 80 kwa saa. Kinacholifanya tela hilo likufuate badala ya kwenda kwa watu waliosimama kituoni ni hiyo gololi, na chini yake bolti nne au sita ambazo wewe huzioni. Nani alizifunga? Kwa kiasi gani? Na zikiachia, wa kulaumiwa ni nani?

Huko Marekani jibu la swali la kwanza mara nyingi ni rahisi: alizifunga mwenye gari mwenyewe. Aliagiza kiungio, kikafika kwenye boksi, akalala chali uani kwake Jumamosi na spana mkononi. Kwa macho ya historia hilo ni jambo la ajabu sana, kwa sababu kazi ya kuunga chombo kimoja na kingine ilishawahi kuwa miongoni mwa kazi zinazoumiza watu kuliko zote nchini humohumo. Ilifikaje kuwa kazi ya nyumbani? Twende taratibu.

Vidole vya watu wa reli

Kabla ya gari, kulikuwa na treni. Mabehewa ya Marekani ya karne ya 19 yaliungwa kwa kitu kinachofanana na pingili moja ya mnyororo mnene na pini ya kudondoshea kutoka juu. Kila behewa lilikuwa na mfuko wa chuma mwishoni. Pingili inaingia mfuko wa huku, inaingia na wa kule, pini zinashushwa, kazi imekwisha. Shida ni kwamba pingili haijipeleki yenyewe. Mtu alipaswa kusimama katikati ya mabehewa mawili, moja likiwa linamjia, aishike pingili kwa mkono ailenge kwenye tundu, kisha autoe mkono kabla chuma hakijakutana na chuma. Usiku, kwenye mvua, kwenye barafu. Watu walipoteza vidole, mikono, na wengine walibanwa kifua wakafa hapohapo. Husimuliwa kwamba meneja aliyekuwa akitafuta mfanyakazi mzoefu alitazama mikono: aliyepungukiwa vidole, huyo ana uzoefu.

Eli Janney hakuwa mhandisi. Alikuwa askari wa zamani wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, halafu karani wa duka la nguo huko Virginia. Alichonga mfano wake kwa mbao, akitumia kisu. Ukitaka kuelewa alichobuni, kunja vidole vya mikono yako yote miwili kama ndoano, kisha vivute viingiane. Ndicho hicho. Vichwa viwili vya chuma vyenye kifundo kinachojifunga chenyewe vinapogongana, na cha kufungulia kinavutwa na mtu aliyesimama pembeni. Alipata hataza mwaka 1873.

Ungedhani kampuni za reli zilikimbilia kununua. Wapi! Kubadilisha mabehewa mamia kwa maelfu ni gharama, na mabehewa ya kampuni moja yalisafiri kwenye reli ya nyingine, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hii ndiyo ninayotaka uishike maana tutarudi kwayo. Mahakama za wakati ule zilikubali hoja kwamba mfanyakazi anayeijua hatari ya kazi yake na bado akaifanya, ameikubali hatari hiyo. Kidole kikikatika ni chake, na lawama ni yake. Kampuni ililipa mshahara tu.

Lorenzo Coffin, mkulima wa Iowa aliyemwona kwa macho mfanyakazi akipoteza vidole, alizunguka miaka mingi akipigia kelele jambo hili mpaka wengi wakamwona kama kichaa. Hatimaye tarehe 2 Machi 1893, siku mbili kabla ya kuondoka madarakani, Rais Benjamin Harrison alitia saini sheria iliyolazimisha mabehewa kuwa na viungio vinavyojifunga vyenyewe na treni kuwa na breki zinazoendeshwa kutoka kwenye injini. Kampuni ziliongezewa muda mpaka mwaka 1900. Na ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu ambacho watu wengi hawakitaji: mfanyakazi akiumia kwenye behewa lisilotimiza sheria, haitahesabika kwamba aliikubali hatari hata kama aliijua. Lawama ikahama kutoka kwenye mkono wa mtu kwenda kwa mwenye chombo.

Kifundo cha Janney hakijafa, by the way kiko hapahapa kwetu. Mabehewa ya mizigo ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa viwango vya Kichina na kuanza kazi 2017, yanashikana kwa viungio vya ukoo huohuo.

Mhunzi na mashua

Barabarani mambo yalikwenda kwa njia nyingine kabisa, na yalianza na mashua.

Mwaka 1914 mfanyabiashara wa mbao wa Detroit, Frederick Sibley, alitaka kupeleka mashua yake kwenye nyumba yake ya mapumziko kaskazini mwa Michigan. Alikuwa na Ford Model T. Mashua haiingii ndani ya Model T, kwa hiyo akaenda kwa mhunzi wake, August Fruehauf, mtu wa kutengeneza mikokoteni na kupigilia farasi viatu. Fruehauf na mwenzake wakatengeneza kigari cha magurudumu mawili, mbele yake wakakiegemeza juu ya Ford. Kikafanya kazi. Sibley akarudi akasema sasa nataka vya kubebea mbao. Mwaka 1918 ikasajiliwa kampuni ya Fruehauf, ambayo baadaye ilikuwa jina kubwa kuliko yote katika matela ya Marekani.

Angalia wazo lililo ndani yake. Mhunzi yeyote aliyeishi na farasi alijua kwamba mnyama anavuta mzigo mkubwa kuliko anaoweza kuubeba mgongoni. Gari ni vilevile. Kubeba, uzito wote unakaa juu ya springi na ekseli zako. Kuvuta, magurudumu ya tela ndiyo yanayobeba sehemu kubwa, wewe unapambana na msuguano, hewa na mlima. Punda wa Bagamoyo analijua hili bila darasa la fizikia.

Kwenye malori makubwa kiungio kilirithi jina kutoka kwenye mikokoteni ya farasi. Mkokoteni wa magurudumu manne ulikuwa na duara la chuma lililolala juu ya ekseli ya mbele ili ekseli izunguke mkokoteni unapokata kona. Duara hilo, kwa kuwa lilifanana na gurudumu lingine lililolazwa, likaitwa gurudumu la tano. Miaka ya 1910 Charles Martin wa Springfield, Massachusetts, akaliweka juu ya kichwa cha lori. Semi-trela unazopishana nazo kati ya Chalinze na Tunduma zimekaa juu ya mjukuu wa duara lile. Ile sahani nyeusi iliyojaa grisi unayoiona kichwa kikiwa peke yake, ndiyo yenyewe.

Lakini lori ni la kampuni, na kampuni ina fundi. Magari madogo ndiyo yaliyoleta kichekesho.

Vita vya kwanza vilipoisha, Wamarekani wenye Model T walianza kwenda kupiga kambi. Mwaka 1919 huko Tampa, Florida, wakaunda chama chao, Tin Can Tourists, ambacho wanachama wake walitambuana kwa kopo lililochomelewa juu ya kifuniko cha rejeta. Mwanzoni walilala kwenye mahema. Baadaye wakaanza kuvuta vibanda vyenye magurudumu. Magazeti ya mambo ya ufundi yakachapisha michoro, na watu wakajengea matela gereji kwao kwa mbao na ekseli ya gari bovu. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 haukuua mtindo huo, uliuongezea watu: sasa wapo waliovuta tela kwa starehe na wapo waliovuta kwa sababu ndiyo nyumba pekee waliyobaki nayo. Roger Babson, mchambuzi wa uchumi aliyejulikana sana, akatabiri kwamba ndani ya miaka 20 nusu ya Wamarekani watakuwa wanaishi kwenye matela. Haikutokea, lakini unaona kichaa kilivyokuwa.

Na wote hawa walifungaje? Kila mtu kwa akili yake. Pini na tundu, ndoano na pete, mnyororo, waya. Pini na tundu inakubali kona ya kushoto na kulia, lakini ukipanda tuta inabishana. Ndoano na pete zinacheza na kugonga kila unapokanyaga breki. Lilihitajika umbo linalozunguka kila upande bila kuachia.

Milimita sifuri nukta nane

Jibu lilikuwa kwenye bega lako. Mfupa wa mkono wako wa juu umemalizikia kwa kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe, ndiyo maana unaweza kuuzungusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Wiedenbrück, Ujerumani, kampuni ya Westfalia ilileta kiungio cha gololi na kikombe kwa ajili ya magari madogo. Utacheka: nayo ilizaliwa kwenye karakana ya mhunzi, Johann Bernhard Knöbel, mwaka 1844. Wahunzi tena. Gololi inakaa kwenye gari, kikombe kiko kwenye mkono wa tela, kitasa kinabana chini ya gololi. Tela linapanda, linashuka, linakata kona, hata kujiviringisha kidogo upande, na bado limeshikwa.

Gololi ya Ulaya ikasimamia kipenyo cha milimita 50. Wamarekani, kwa kupenda inchi zao, wakabaki na saizi kadhaa, maarufu zaidi ikiwa ya inchi 2. Inchi 2 ni milimita 50.8.

Hapa naomba usipite haraka. Tofauti ni milimita 0.8, unene wa kadi ya benki. Kwa macho huwezi kuiona, kwa mkono huwezi kuihisi. Kikombe cha 50 ukikilazimisha kwenye gololi ya 50.8 kinaweza kukaa juu bila kitasa kufunga sawasawa chini, na ukitazama kwa juu kinaonekana kimekaa vizuri. Kikombe cha 50.8 kwenye gololi ya 50 kinafunga, ila kinacheza, na kila mchezo ni kipigo kidogo cha nyundo, maelfu kwa maelfu kutoka Arusha hadi Dodoma. Nchi zetu zinapokea magari na matela kutoka pande zote za dunia, na matela mengine yanachomelewa mtaani kwa kikombe kilichotolewa kwenye tela jingine. Namba huwa imechongwa juu ya gololi au pembeni. Isome.

Bampa halikuumbwa kwa ajili hiyo

Mwaka 1945 kijana mmoja aliyetoka jeshini, Leonard Shoen, na mkewe Anna Mary, walianza biashara ya kukodisha matela wakiwa na dola 5,000, wakijengea matela yao kwenye ranchi ya familia ya mke huko Ridgefield, jimbo la Washington. Ndiyo U-Haul. Wazo lao la busara lilikuwa kwamba mtu achukue tela mji huu alirudishe mji mwingine. Wamarekani walikuwa wanahama kwa wingi baada ya vita, kwa hiyo biashara ikakua.

Ila fikiria tatizo lao. Mteja anaingia na gari lolote, la mwaka wowote, halina kiungio. Unamfungia nini ndani ya dakika kumi kwenye kituo cha mafuta? Unamfungia kwenye bampa. Kibano cha chuma na minyororo, unakaza, anaondoka. Na ilifanya kazi, kwa sababu bampa la miaka ile lilikuwa boriti halisi la chuma kinene lililoshikwa na chasisi.

Halafu gari likabadilika taratibu bila mtu kumwambia mwenye tela. Kwanza chasisi yenyewe ilianza kutoweka. Lancia Lambda ya 1922 na Citroën Traction Avant ya 1934 zilionyesha kwamba bodi inaweza kujibeba yenyewe, na Marekani Nash 600 ikaleta mtindo huo kwa wingi mwaka 1941. Bodi inayojibeba ni nyepesi na ngumu kwa ujumla wake, ila ukiitazama sehemu moja moja, ni bati lililokunjwa. Ukiivuta mahali isipotegemea, inapasuka. Pili, bampa likawa pambo la kung'aa. Tatu, kuanzia magari ya 1973 serikali ya Marekani ikataka mabampa yavumilie mgongano wa mwendo mdogo bila taa na vitu vya usalama kuharibika, na watengenezaji wengi wakayaweka juu ya vifyonza mshtuko. Yaani bampa sasa limetengenezwa makusudi liingie ndani na kutoka. Jaribu kufunga tela kwenye kitu kilichobuniwa kusogea.

Kwa hiyo kiungio kikalazimika kushuka chini, mbali na bampa, kiende kushika reli mbili zilizo chini ya sakafu ya buti, mahali penye nguvu. Kikawa boriti la kukingama lenye masikio mawili, katikati yake tundu la mraba la kuchomekea mkono wenye gololi. Kila gari na umbo lake, kwa hiyo kila gari na kiungio chake kwenye katalogi. Watengenezaji wa magari wakaacha matundu tayari kwenye reli. Na hapo ndipo kazi ilipowezekana kufanyika nyumbani: huhitaji kuchomelea, huhitaji kupima, unahitaji bolti, spana na mgongo usiouma.

Kabla sijaendelea, kuna safari moja inayotuhusu. Wally Byam, mwenye kampuni ya matela ya kung'aa ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 na 1960. Walipita Afrika Mashariki, wakaingia Ethiopia ambako Haile Selassie aliwapokea, wakasonga Sudan mpaka Misri. Kwenye picha matela yanaonekana yamezama kwenye matope mpaka ekseli. Ilikuwa tangazo la biashara, tusidanganyane, na Waafrika kwenye picha nyingi wamewekwa kama mandhari. Lakini kama jaribio la viungio, sidhani kama kuna maabara iliyowahi kufanya kubwa zaidi.

Ukiwa umelala chali

Sasa kazi yenyewe ikoje? Gari liko juu ya stendi imara, siyo jeki peke yake, na magurudumu yamewekewa vigingi. Mpira ulioshikilia ekzosi unavuliwa ili bomba lishuke upate nafasi. Matundu ya reli yanasafishwa udongo na kutu. Halafu unakutana na fumbo ambalo kila mtu wa mara ya kwanza hukwama: bolti inatakiwa itoke kutoka ndani ya reli kuja nje, na reli ni bomba lililofungwa. Mkono hauingii. Ujanja ni waya uliosokotwa kama springi upande mmoja. Unaupenyeza kwenye tundu la bolti, unautoa kwenye tundu kubwa lililo mbali kidogo, unafungia bolti kwenye springi, kisha unavuta. Bolti inasafiri gizani ndani ya reli na kuchungulia kwenye tundu lake. Ni kama kuvua samaki, ila samaki ni chuma.

Kisha unainua kiungio, unaweka nati, unakaza. Na hapa ndipo sayansi yote ilipo.

Wengi tunadhani bolti inazuia tela kama msumari unavyozuia picha ukutani, yaani mzigo unajaribu kuikata. Sivyo. Bolti iliyokazwa vizuri ni springi iliyovutwa. Inabana kiungio na reli pamoja kwa nguvu kubwa mno, na msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo. Tupige hesabu. Bolti ya milimita 12 ya chuma kigumu, ukiikaza kwa nyutoni-mita 100. Kanuni ya kukadiria inasema gawa mkazo kwa kipenyo mara 0.2: 100 gawanya kwa (0.2 × 0.012) unapata karibu nyutoni 41,700. Hiyo ni zaidi ya uzito wa tani nne, kwa bolti moja. Bolti nne zinabana kwa karibu nyutoni 167,000. Chukua kigezo kidogo cha msuguano, 0.15, bado una nyutoni 25,000 za kuzuia kuteleza.

Linganisha na tela letu la kilo 700 lisilo na breki zake. Ukifunga breki kwa ghafla na mwendo ukapungua kwa mita 6 kwa sekunde kila sekunde, tela linasukuma kwa 700 × 6, nyutoni 4,200. Una akiba karibu mara sita. Raha tupu. Ila sasa fikiria kati ya chuma na chuma kumebaki tabaka la rangi nene, au kutu, au lami ya kuzuia kutu. Baada ya mitetemo ya wiki mbili tabaka hilo linasagika, linakuwa jembamba kwa sehemu ndogo ya milimita, na ile springi inalegea. Mbano umeondoka, msuguano umeondoka. Sasa kweli bolti inafanya kazi ya msumari, kazi ambayo hukuipanga kwa ajili yake, na inakatika kwa uchovu wa chuma. Hii ndiyo sababu maelekezo yanakutaka ukaze tena baada ya safari za mwanzo.

Na mkono haupimi nyutoni-mita. Conrad Bahr, aliyefanya kazi idara ya maji ya New York, alidai kubuni spana ya kupimia mkazo mwaka 1918 ili mafundi wasikaze bolti za mabomba kupita kiasi. Hataza ya kwanza ya spana ya aina hiyo iliombwa na John H. Sharp wa Chicago mwaka 1931. Kwa maoni yangu spana hiyo ndiyo iliyofanya kazi hii iwezekane nyumbani kuliko kitu kingine chochote, kuliko hata matundu yaliyotobolewa tayari. Uzoefu wa mkono wa fundi wa miaka 20 uligeuzwa kuwa namba kwenye karatasi.

Kuna jambo bolti haliwezi kukusaidia: jinsi ulivyopakia. Wamarekani hushauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikae juu ya gololi. Waingereza 5 hadi 7, na wao huvuta kwa mwendo mdogo zaidi. Chukua asilimia 10, kilo 70. Kama gololi iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na ekseli mbili za gari zimeachana mita 2.6, gari linakuwa bembea: 70 × 1.2 ÷ 2.6, kilo 32 zinanyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, na ya nyuma yanaongezewa 102. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinaangalia miti. Ukiona hivyo unashawishika kusogeza mzigo nyuma ya tela ili gololi ipumue. Usifanye. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli ya tela, tela likianza kupiga mkia kila pigo linalisha linalofuata, na kuna mwendo ambao ukiupita halitulii tena lenyewe.

Lawama imekwenda wapi

Nilikuomba ushike ile habari ya mahakama. Mwaka 1893 lawama ilitolewa kwa mtu aliyelala kati ya vyuma ikapelekwa kwa mwenye chombo. Kwenye gari dogo, mwenye chombo na aliyelala chini ya vyuma ni mtu mmoja. Sheria za Marekani zimemwachia kazi hiyo, na tangu sheria ya dhamana ya 1975 mtengenezaji hawezi kufuta dhamana ya gari kwa sababu tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Ni lazima kifaa hicho kiwe ndicho kilicholeta hitilafu. Ulaya walichagua kukibana kifaa chenyewe. Uingereza, gari lililoanza kutumika kuanzia Agosti 1998 linatakiwa kiungio kilichopimwa na kuidhinishwa kwa modeli ile, na kibandiko chake kinasema kinavuta kilo ngapi na gololi inabeba ngapi. Bado unaweza kukifunga mwenyewe, ila si kile ulichochomelea wewe.

Mimi naegemea upande wa Ulaya hapa, na nasema hivyo nikijua karakana zetu. Fundi anayechomelea kiungio juu ya reli ya bati la milimita 2 anaweza kuwa hodari kweli wa kuchomelea, na bado joto la kazi yake likadhoofisha bati lililo pembeni ya mshono. Hilo halionekani kwa macho, na kibandiko hakuna. Aliyeko nyuma ya tela kwa pikipiki hakuulizwa kama anaikubali hatari.

Siku hizi lakini sehemu ya bolti ndiyo iliyobaki rahisi. Magari mapya yana mfumo wa kuzuia kuyumba unaoweza kulihisi tela linapopiga mkia na kufunga breki za gurudumu moja moja kulituliza, na magari mengi yanataka yaambiwe kwanza kwamba tela lipo. Plagi ya umeme ya tela, ambayo zamani ilikuwa nyaya nne za kuunganisha na taa za nyuma, sasa inazungumza na kompyuta. Ukichuna waya wa indiketa ukaunga kienyeji, dashibodi inawasha taa za njano mpaka uchoke. Kuna watu wanafunga chuma chote wenyewe kwa saa tatu, wanakaza kwa namba, wanakagua mara mbili, kisha wanaliendesha gari mpaka kwa fundi mwenye kompyuta ili aliambie gari kile ambacho wao wameshakijua.